Kishikizo cha Mwisho

Kifumio kilianza kazi Tekla Mkude akiwa bado anapiga miayo. Alisimama ndani ya kibanda cha kioo, mikono ameitanua kidogo, na kutoka kwenye vijitundu vya ukutani nyuzi nyembamba zikaanza kumwandama mwilini, zikizunguka bega, zikishuka mgongoni, zikikaza pa kukaza na kulegea pa kulegea. Kabla hajamaliza miayo ya pili alikuwa amevaa gauni la kijani lisilo na mshono hata mmoja. Jioni angerudi kibandani, gauni lingeyeyuka likawa uji wa nyuzi ndani ya pipa, na kesho yake uji ule ule ungekuwa suruali.

Morogoro nzima ilivaa hivyo. Kamba za kuanikia zilikuwa zimekwisha kuondolewa uani, pasi watoto waliziona kwenye jumba la makumbusho, na maseremala walikuwa wameacha kutengeneza makabati maana hakuna aliyekuwa na cha kuweka ndani. Tekla ndiye aliyekuwa mhandisi mkuu wa kiwanda kilicholeta mambo hayo, na hakuwa mtu wa kujifanya mnyenyekevu. Ukimwuliza siri ya kifumio, alikujibu kwa furaha kwamba ni kanuni mbili, na zote mbili kazitunga yeye.

Ya kwanza aliiita Kanuni ya Upole: nguo isimbane mvaaji, isimkwaruze wala isimzuie, hata kwa upana wa unywele. Kila asubuhi macho-pima ya kibandani huukagua mwili upya, na nguo huufuata mwili ulivyo leo. Ya pili ni Kanuni ya Kusahau. Miaka ya mwanzo, kampuni moja ilikuwa imeuza vipimo vya miili ya wateja wake, watu wakajikuta wananyimwa bima kwa sababu ya viuno vyao, na Tekla akapigana mpaka bungeni ili jambo hilo lisirudi tena. Tangu hapo, nguo ikiyeyuka jioni, vipimo vyake navyo huyeyuka. Kifumio hakimkumbuki mtu. Kila asubuhi kinakupokea kama mgeni aliyeshuka kwenye treni sasa hivi.

Kilibaki kitu kimoja ambacho mashine ilikuwa haijakitia mkononi, nacho ni nguo za ndani. Hizo watu waliendelea kununua dukani na kuzificha kwenye droo ya mwisho iliyosalia nyumbani. Tekla mwenyewe alikuwa akifumiwa za majaribio kwa miaka kadhaa na hakuwa na malalamiko. Sasa mwenyekiti wa bodi alitaka zitoke kabla ya Krismasi, kwa hiyo kiwanda kikawaalika wanawake wa mjini kuzijaribu. Walizisifu sana, kisha mmoja baada ya mwingine wakarudi kwenye droo zao. Hakuna aliyeweza kusema kwa nini.

Aliyekaribia kusema alikuwa Hidaya, mwalimu wa hesabu.

“Mhandisi, inanitosha mno,” alisema.

“Kutosha mno ndiyo nini, Mwalimu?”

“Sijui nikwambieje. Nikishaivaa, haipo. Haibani, haigusi, nikikaa haisemi kitu. Mimi nguo yangu ya ndani nataka nijue nimeivaa.”

“Ili iweje?”

Hidaya akacheka, akajiziba mdomo kwa kiganja. “Nawe Mhandisi! Ili nijue tu.”

Neno “tu” huwakera wahandisi kuliko hitilafu ya umeme. Tekla alilala nalo, akaamka nalo. Jumamosi akaenda kulitafutia jibu mahali alipojua watu wanalipa nauli kufuata nguo kuukuu: Nyumba ya Nguo za Kale, kwenye ghala la kiwanda kilichokufa zamani huko Kihonda.

Mwenye nyumba hiyo aliitwa Apolonia. Alikuwa amefiwa na waume wawili na hakuonyesha dalili yoyote ya kukata tamaa. Midomo aliipaka rangi nyekundu, viatu vyake vilikuwa vya kisigino cha kugonga sakafu, na kwake wanawake walikuja kila wikiendi kukodi gauni la zama za bibi zao wakazunguka nalo mjini mpaka jua lizame.

“Shikamoo, mama,” Tekla alisema.

“Marahaba, mwanangu. Leo muuaji wa makabati kaja kwangu! Karibu, karibu.”

Tekla alicheka bila kupenda, akaeleza shida yake. Apolonia alimshika mkono akamwingiza chumba cha nyuma, mahali palipokuwa na harufu ya karafuu na sabuni ya mche, nguo za ndani zimetundikwa mstari kwa mstari.

“Bibi zetu walianza na shanga za kiunoni,” Apolonia alianza, akitembea kati ya mistari. “Zinalia chini ya nguo, na anayetakiwa kuzisikia ni mmoja. Magauni mepesi yalipokuja, yakaja na shimizi, kwa sababu gauni jepesi bila shimizi, ukisimama juani umekwisha. Hili hapa ni gagulo. Linatiwa wanga, linaanikwa mpaka linasimama lenyewe. Unaingia kanisani gauni limefura, watu wanageuka, na wewe mapaja yanakuwasha lakini hujikuni ng’o.”

“Sasa raha iko wapi hapo?”

“Subiri. Halafu yakaja mitumba. Robota likikatwa kamba, wanawake wanayarukia mashimizi ya nailoni yenye lesi, wanagombana kabisa. Mtu anaondoka na nguo ya mwanamke wa Ulaya asiyemjua hata jina. Anaifua, anaipunguza kwapani, inakuwa yake. Akienda sokoni kununua nyanya, hakuna anayejua alichovaa ndani. Anajua yeye. Na anatembea kama mtu anayejua.”

Tekla alishika ncha ya lesi iliyokwisha kuwa na rangi ya chai. Alitaka kuelewa, na hamu hiyo ilimfanya asione haya kuuliza maswali ya kitoto. “Lakini mama, haikuonekana na mtu.”

“Gauni unawavalia watu, mwanangu. Ya ndani unajivalia. Na halafu ina ubishi wake. Inakwambia leo umekula sana, leo umekaa vibaya, leo nyoosha mgongo. Na hizi za kufunga nyuma, kishikizo cha juu hukifikii peke yako. Lazima umwite mtu. Dada, shoga, mume. Wewe lini mara ya mwisho umempa mtu mgongo akufunge?”

Tekla alijaribu kukumbuka, akashindwa, akaona aibu kidogo.

Apolonia akafungua boksi la kadibodi. “Basi anza na yako.”

Ilikuwa sidiria ndefu ya satini ya waridi, inayoshuka mpaka kiunoni, yenye safu ya vishikizo vya kulabu nyuma. Tekla aliitambua kabla haijatoka yote. Mama yake, Eusebia, alikuwa fundi cherehani, na aliishona kwa ajili ya harusi ya bintiye. Miaka saba nyuma, siku mji ulipomwaga makabati yake kwa shangwe, Tekla aliileta hapa mbele ya kamera ili aonekane amekuwa wa kwanza. Usiku wa kuamkia siku hiyo aliivaa kwa mara ya mwisho, ikamkaa kama siku iliposhonwa. Mama yake alikuwa ameshafariki.

Alimkumbuka akimpima, pini zimejaa mdomoni, tepu shingoni. “Titi lako la kulia dogo kuliko la kushoto,” Eusebia alikuwa amesema. “Usinune. Karibu sote tuko hivyo. Upande wa kulia nitaukata mdogo, hakuna atakayejua.”

“Niazime, mama,” Tekla alimwambia Apolonia. “Kwa ajili ya utafiti.”

“Utafiti,” Apolonia alisema, akimfungia kwenye karatasi. “Msalimie mumeo.”

Jumapili baada ya misa, mumewe Damasi alikuwa sebuleni akimenya machungwa. Alikuwa daktari wa mifugo, mwenye mikono mipana iliyozoea kutafuta ugonjwa chini ya ngozi ya mnyama asiyeweza kusema panapouma.

“Baba Fortu, njoo unifunge,” Tekla aliita kutoka chumbani.

Alikuja akijifuta mikono, akasimama mlangoni, akatabasamu mpaka masikioni. “Hii naijua!”

“Acha maneno. Funga.”

Alianzia chini. Vidole vyake vilikuwa na baridi ya machungwa, na Tekla alishangaa jinsi ngozi ya mgongo wake ilivyosisimka. Ndicho alichokuwa akikisema Hidaya. Kilikuwa kitu kidogo kama nini, na kiwanda kizima kilishindwa kukipa jina! Satini ilimkumbatia mbavu, ikamnyoosha, ikamfanya ajione kwenye kioo kama mtu wa kutazamwa. Alianza kutunga kichwani maneno ya kumwambia mwenyekiti.

“Cha mwisho hakifiki,” Damasi alisema. “Mama Fortu, umenenepa.”

“Sijanenepa. Vuta.”

“Navuta.”

“Aa! Pole pole.” Alishika kwapa la kulia. “Panabana hapa.”

Alijitazama vizuri, na uhandisi ukamrudia. Upande wa kushoto ulikaa vile vile, hata kidole kilipita. Uliobana ni wa kulia peke yake. Kama nguo ingekuwa imesinyaa kwa uzee, ingesinyaa pande zote. Na kama upo upande uliokatwa kwa mwili wake sawasawa, ni huo.

“Ajabu,” alisema. “Mama hakukosea vipimo hata siku moja.”

Damasi alipitisha kidole chini ya ukingo wa satini ili kuulegeza. Kidole kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo, kikasimama tena pale pale.

“Inua mkono.”

“Baba Fortu, mimi si ng’ombe wako,” Tekla alisema akicheka.

Damasi hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anasikiliza, na vidole vyake vilizunguka taratibu juu ya kitu kigumu chenye ukubwa wa kokwa ya zambarau. Tekla aliuona uso wake kwenye kioo, na furaha yote ikamtoka.

“Kuna kitu hapa,” alisema mumewe. “Kesho asubuhi tunakwenda hospitali.”

Walikwenda. Daktari alikuwa mama mtaratibu mwenye sauti ya chini, na majibu yalipotoka hakuyazungusha. Ilikuwa saratani. Ilikuwa imekua polepole kwa zaidi ya mwaka, na ilikuwa bado ya kuwahiwa, ila titi ingebidi liondolewe. Kisha akamwuliza swali ambalo bila shaka alimwuliza kila mwanamke aliyekaa kwenye kiti kile.

“Hukuwahi kuona nguo inakubana upande mmoja?”

“Nguo zangu hazibani, daktari.”

Kutoka hospitali hakwenda nyumbani. Alikwenda kiwandani, akaingia kibandani, akauliza kwa sauti kama anayemhoji mtu: “Ulikuwa unakiona?”

“Karibu,” kifumio kikajibu. “Sina kumbukumbu ya mvaaji yeyote.”

Bila shaka kilikiona. Kila asubuhi macho-pima yalikikuta pale kwapani, na kila asubuhi nyuzi zilikisogelea kwa adabu, zikakiongezea nafasi ya unywele mmoja, ili kisiguswe. Jioni mashine ikasahau. Upole na usahaulifu, kanuni zake mbili alizojivunia, vilikuwa vimeutunza uvimbe ule kama yai. Tekla alikaa sakafuni kwenye kibanda akaona hasira, na hasira haikuwa na pa kwenda.

Kwenye kikao cha bodi alisema nguo za ndani zisitoke.

“Tatizo ni dogo,” mwenyekiti alisema. “Iwekee mashine kumbukumbu. Mwili ukibadilika, itoe taarifa.”

“Taarifa kwa nani?”

“Kwa mvaaji, bila shaka.”

“Na kwa nani mwingine, mwenyekiti?”

Mwenyekiti alitazama karatasi zake. Kila mtu mezani alikumbuka mambo ya bima. Tekla alikuwa amelifikiria jambo hilo usiku na mchana na hakuwa na jibu zuri. Mashine inayokumbuka ingemuuza mwanamke, na isiyokumbuka ingemficha habari za mwili wake mwenyewe. “Mpaka tupate njia,” alisema, “waachieni droo zao.”

Mwenyekiti alimwambia kwamba wahandisi ni wengi nchini. Tekla alijua, na wengine alikuwa amewafundisha yeye. Kikao kiliahirishwa mpaka atakapotoka hospitali, na hakuna aliyeahidi lolote. Kabla ya kulazwa alimpigia simu Hidaya, kisha wanawake wote wa majaribio, akawaambia wachague nguo moja kuukuu iliyowatosha zamani, waivae, na wamwite mtu awafunge mgongoni.

Alipasuliwa. Kidonda kilichukua muda, nywele zikaondoka kwa dawa na zikaanza kurudi zikiwa laini kama za mtoto mchanga. Apolonia alikuja kumtazama akiwa na midomo yake myekundu, akalia kidogo, kisha akasema satini ile inaweza kujazwa sufi upande wa kulia na hakuna atakayejua.

“Kwanza niivae ilivyo,” Tekla alimjibu.

Jumapili moja baada ya misa alimwita mumewe. Damasi alikuja bila utani. Alianzia chini kama siku ile, kishikizo baada ya kishikizo. Walifika cha juu. Tekla alishika pumzi, akajiandaa kuvutwa.

Hakuvutwa. Kulabu iliingia yenyewe.

“Kimefika,” Damasi alisema.

Tekla alijitazama kwenye kioo. Upande wa kushoto mama yake alikuwa bado amemshika barabara. Upande wa kulia, satini ilikuwa imelala bapa.

“Hainibani,” alisema, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu siku ya majibu. Damasi hakuutoa mkono wake mgongoni.