Vyuma vya Roshani ya Sumayya

Mchana ule duka la kuchapisha ramani mjini Nyeri lilikuwa limefurika. Waithira alisimama kwenye foleni, koti lake jekundu limefungwa hadi kooni kwa baridi ya Julai, mara kijana aliyekuwa nyuma yake akachungulia mchoro wake, akacheka.

"Unacheka nini?"

"Pole, madam. Hii reli ya roshani uliivuta iwe ndefu, na vyuma navyo vikanenepa kama viazi."

"Na hizi zingine nimechora chuma kimoja kimoja. Kwani kuna njia ingine?"

"Iko. Kuja tukunywe chai nikuonyeshe."

Aliitwa Zubair. Shati jeupe limepigwa pasi, ndevu zimechongwa, sauti ya upole. Mkahawani alifungua kompyuta, akachora fremu na chuma kimoja, akaviunganisha vikawa bloku, yaani kitu kimoja. Kisha akaiagiza fremu irefuke ikivutwa, na chuma kijirudie kwa nafasi ileile.

"Sasa vuta huo mshale."

Waithira akavuta. Reli ikarefuka, na vyuma vikajitokeza vyenyewe, vyembamba, vimepangana sawasawa. Alicheka kwa sauti hadi watu wa meza ya pili wakageuka.

Kufikia Desemba walikuwa wapenzi, wakichora pamoja katika ofisi ya Zubair. Jioni moja simu yake ikawaka mezani, na Waithira akausoma ujumbe kabla ya kujizuia: *Zubair wangu, hiyo reli nimeipenda. Lini utakuja Murang'a tuonane? Sumayya.*

"Sumayya ni nani?"

"Mteja. Anajenga nyumba za kupangisha."

"Na mteja anakuita 'Zubair wangu'?"

"Waithira, tafadhali usianze."

Neno hilo ndilo lililomchoma. Usiku kucha aliiona sura ya mwanamke asiyemjua. Kesho yake Zubair alikuwa Othaya akipima kiwanja, akapiga simu: "Mpenzi, mtumie Sumayya mchoro wa reli. Fundi wake anangoja."

Ati amtumie Sumayya! Waithira akafungua mchoro, akaivunja bloku ikabaki mistari mitupu, akaviachanisha vyuma hapa na pale. Akatuma.

Baada ya wiki Sumayya alimpigia Zubair simu akifoka. Reli ilikuwa imeshachomelewa, na nafasi za vyuma zingepitisha mtoto mzima. Zubair aliomba msamaha hadi sauti ikakauka, akijilaumu kwa kosa asilolijua. Waithira hakustahimili.

"Ni mimi," alisema. "Niliuharibu huo mchoro. Kwa wivu."

Zubair akaifunga kompyuta. "Mtoto angeanguka hapo, Waithira."

Akachukua jaketi, akatoka. Siku mbili nzima hakushika simu.

Siku ya tatu Waithira alikwenda Murang'a mwenyewe. Sumayya alimpokea kwenye jengo akiwa na mtandio wa kijani kibichi, mrembo kuliko alivyohofia.

"Kosa lilikuwa langu, si la Zubair," Waithira alisema. "Nimekuja kulirekebisha."

Aliketi juu ya mifuko ya saruji, kompyuta magotini, akaitengeneza bloku upya, akaivuta kwa kipimo cha kila roshani huku fundi akinakili. Sumayya alisimama akitazama mpaka roshani ya mwisho.

"Mama yake Zubair alinichagua mimi niwe mkewe," akasema hatimaye. "Zubair akakataa, akasema yuko na mtu. Nikadhani nikimpa kazi atageuza moyo."

"Kwa hivyo sikuwa mwendawazimu."

"Hukuwa. Lakini watoto wa wapangaji wangu walikukosea nini?"

Waithira akainamisha kichwa, machozi yakamtoka. Sumayya akamsogezea chupa ya maji.

Waithira alipotoka langoni simu ikalia.

"Uko wapi?" Zubair aliuliza.

"Murang'a. Kwa Sumayya."

"Mmepigana?"

"Tumechora. Nisamehe, Zubair."

"Na mimi ningekuambia mapema habari ya mama. Niliogopa ungeniacha." Akashusha pumzi. "Bado uko na wivu?"

"Bado."

"Basi uje nao nyumbani Jumapili. Nimemwambia mama niliyemchagua ni wewe, na ameuliza unakula nini."