Umbo Kwenye Masizi

Haya yalimkuta rafiki yangu mmoja, fundi rangi, mchana kweupe. Aliitwa kusafisha masizi kwenye nyumba iliyoungua jikoni, moshi ukajaa vyumba vyote. Chumba cha mwisho kilikuwa cheusi tii, isipokuwa kwenye kona, ambako ukutani palibaki doa jeupe lenye umbo la mtu aliyechuchumaa.

“Masizi hayashiki palipozibwa,” alimwambia mama mwenye nyumba. “Nani alikuwa hapa?”

“Hakuna, mwanangu. Sote tulikuwa msibani. Nyumba nilifunga mwenyewe.”

Fundi akaenda kuchota maji. Ndoo haijajaa, akasikia mtu anakohoa kule chumbani, kikohozi kikavu cha kupaliwa, kisha kucha zikikwaruza mbao. Mlango aliouacha wazi ulikuwa umefungwa. Akausukuma kwa bega, mama naye akasukuma, wapi. Wakabaki wamesimama, wanasikiliza kikohozi kikififia mpaka kikakatika. Hapo mlango ukafunguka wenyewe.

Ndani hamkuwa na mtu. Kona ilikuwa nyeusi kama kuta nyingine. Doa jeupe sasa lilikuwa mlangoni, upande wa ndani, limesimama, mkono mmoja umenyooshwa hadi kwenye komeo.