Kengele Isiyo na Ngamia

Nina mnyama wangu. Zizi halimzuii, kamba haimshiki. Nikipepesa jicho, kafika Nairobi. Nikipepesa tena, yuko Maka. Lakini siku akitulia, huona hata nyayo za sisimizi. Mnyama gani huyo? Usijibu bado, mjukuu wangu. Sahro alijibu haraka, na sasa utasikia yaliyompata.

Sahro alikuwa gredi ya saba. Likizo hiyo alikuwa kwa bibi yake, nje kidogo ya mji wa Bute. Kila asubuhi alichota maji, akachemsha chai, kisha akaenda kumchunga Adey, ngamia jike mweupe. Ukame ulikuwa umewamaliza wengine wote. Adey alikuwa na mimba pevu, na maziwa yake ndiyo yangeilisha nyumba nzima.

Wakinywa chai, bibi alimtegea kitendawili hicho.

"Ni simu, ayeyo," alijibu Sahro bila kuinua uso.

"Siyo, ayeyo," alisema bibi. Kwao bibi na mjukuu huitana kwa neno hilo hilo moja. "Simu huisha chaji. Mnyama wangu haishiwi nguvu. Hebu fikiri."

"Nitafikiri baadaye."

Mchana Sahro aliketi kichakani karibu na Adey. Kengele ya mbao shingoni mwa ngamia iligonga: ko, ko, ko. Rafiki yake Anab akamtumia video. Akatuma nyingine. Sahro alipoinua kichwa, kivuli alichokalia kilikuwa kimehama, na Adey hakuwapo.

Alirudi nyumbani mbio. "Wallahi, ayeyo, nilitazama video moja tu!"

"Moja, na watoto wake wangapi?" Bibi alikuwa tayari ameshika fimbo yake. "Ngamia akitaka kuzaa hujificha. Fisi wa bonde lile wanalijua hilo kuliko wewe. Jua likizama hatujampata, ndama ni wao. Tangulia, miguu yako ni mizima. Usikimbilie sauti. Shika unyayo mmoja. Ukiumaliza, ndipo utafute wa pili."

Sahro alifika kichakani. Upepo ulikuwa umeamka, na vumbi jekundu likapaka jua rangi ya shaba. Ko, ko. Kengele! Akaikimbilia. Ikanyamaza. Ko, ko, sasa nyuma yake. Akageuka, akakimbia tena. Simu ikatetemeka mfukoni. Akaitazama kidogo, akaendelea. Kengele ikalia upande wa kushoto, polepole, kana kwamba inamwita kwa jina.

Ndipo alipoona nyayo mchangani. Hazikuwa za ngamia. Zilikuwa za mtu aliyevaa ndala, mtu mwembamba, mwenye haraka.

"Nani yuko hapo?" aliita. Alizifuata kidogo, na mara zikawa nyayo za watu wawili, wakienda bega kwa bega. Hakuwa amekutana na mtu yeyote tangu atoke nyumbani.

Ko.

Safari hii ililia juu ya kichwa chake. Aliinua macho. Kengele ya Adey ilining'inia kwenye tawi la mgunga, kamba yake imenaswa na miiba ikakatika, ikicheza peke yake. Hakukuwa na shingo. Hakukuwa na ngamia. Upepo tu.

Sahro alisoma dua zote anazozijua. Alitaka kukimbia, lakini aende wapi? Akachuchumaa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatazama kitu kimoja tu: unyayo wa yule mtu. Kisigino cha ndala kilikuwa na pengo. Taratibu akainua mguu wake. Ndala yake ilikuwa na pengo lile lile.

Alikuwa akijifuata mwenyewe! Amezunguka mara mbili.

Simu ikatetemeka. Aliizima. Akabaki pale pale chini ya mgunga, akikagua mchanga shubiri kwa shubiri, mpaka akaona alama pana, ya duara, imefutika nusu. Aliitazama mpaka akaijua. Halafu ya pili. Nyayo za miguu ya nyuma zilikuwa zimetanuka, kama ya mwenye mzigo mzito. Ya tatu. Kando yake, tone la maji ya uzazi halijakauka. Mawazo yalipotaka kuchomoka, aliyarudisha kwenye unyayo. Hakuisikia tena kengele, ingawa ilikuwa ikilia bado.

Nyayo ziliingia kwenye korongo. Juu yake zilipita nyingine ndogo, zenye kucha: fisi, na nyayo zake zilikuwa mpya. Sahro aliokota mawe, akayarusha na kupiga kelele. Kitu kikakimbia kwenye miiba. Na pale chini akamwona Adey amesimama, akimlamba ndama aliyelowa, miguu kama vijiti.

Bibi alifika jua likiwa limebaki kidole kimoja.

"Nimefuata nyayo zako," alisema akihema. "Ulizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kisha ukanyooka. Nini kilikunyoosha?"

"Nilitazama unyayo mmoja, ayeyo."

"Basi umejifunza. Shika hivyo hivyo hata kitabuni. Anayetazama vyote haoni kitu. Anayetulia na kimoja hukimaliza, akakiona na kinachofuata. Na kutulia hakuji siku moja. Mnyama huyo utamrudisha na kumrudisha, mpaka azoee." Akamgeukia. "Haya, mnyama wangu ni nani?"

Safari hii Sahro hakufanya haraka. Alimtazama ndama akijaribu kusimama, akaanguka, akajaribu tena, mpaka mdomo wake ukapata chuchu.

"Ni mawazo yangu," alisema.