Matundu ya Mashine

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku aliongeza maji kwenye mashine ya kuangulia vifaranga iliyokuwa katika chumba cha nyuma. Mashine hiyo ndiyo iliyompa mama yake riziki. Jina Chiriku lilikuwa la utani tu, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

Siku moja mwalimu wa sayansi alichora yai ubaoni.

"Ganda lina vitundu vidogo mno," alisema. "Kifaranga aliye ndani hupata hewa kupitia humo."

Chiriku akamnong'oneza jirani yake, "Na akishikwa na mafua, anapenga wapi?"

Wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Somo lote likawapita. Kwa Chiriku, sayansi ilikuwa ya mtihani tu.

Jioni hiyo mama aliaga kwenda kumuuguza bibi.

"Mwanangu, mayai yamekaribia kuanguliwa. Ongeza maji, kingine usiguse."

Mvua ikanyesha, baridi ikawa kali. Chiriku aliwaonea huruma vifaranga. Alitafuta matambara, akaziba matundu yote ya mashine, kisha akaenda kulala akiwa ameridhika.

Asubuhi mama alirudi, akayaona matambara. Aliyachomoa upesi. Akachukua yai moja, akalipasua polepole. Kifaranga alikuwamo, ametimia, ana manyoya na mdomo wake mdogo. Amekufa.

"Wamekosa hewa," mama alisema kwa sauti ya chini.

"Mama, nilidhani wanaona baridi!"

"Najua, mwanangu."

Angegombezwa, pengine isingemuuma hivyo. Wachache tu walitoka hai, wakilia kinyonge. Wengine Chiriku aliwafukia mwenyewe nyuma ya nyumba, huku akilia.

Shuleni alimfuata mwalimu na kumwomba amfundishe tena somo la yai. Safari hii alisikiliza hadi mwisho.

Mayai mengine yalipoingizwa kwenye mashine, Chiriku alimweleza mama kwa nini joto, maji na hewa lazima viende pamoja. Mama alimsikiliza, kisha akamshika bega.

"Unayofundishwa darasani ndiyo kazi yangu humu ndani. Hata mpishi, fundi wa umeme na muuguzi wanaitumia sayansi hiyo hiyo kila siku. Usiisome kwa ajili ya mtihani peke yake." Akayatazama mayai. "Wale hatuwezi kuwarudisha. Hawa bado tunao."