Kifuniko Shingoni mwa Mbuni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Anyona alichota maji, akampa ndama majani, kisha akamnawisha uso mdogo wake Bitutu. Waliishi karibu na soko la Ikonge nchini Kenya, katikati ya mashamba ya chai. Bitutu alikaribia kutimiza miaka mitano, na kitinda mimba Brandon mitatu, wote katika mwezi mmoja.

"Mwaka huu hakuna keki," Mama alitangaza. "Keki huliwa na majirani. Twiga haliwi. Tutavuka mpaka tukawaone wanyama."

Mama mdogo, aliyeolewa Tarime nchini Tanzania, ndiye aliyemweleza kuhusu bustani ndogo ya wanyama karibu na kwake. Tangu siku hiyo Bitutu hakuwa na habari nyingine ila twiga. Hata Sabato, kanisani, alimwuliza mchungaji kama twiga husali amesimama.

Anyona naye alikuwa na mpango wake. Shuleni kwao, anayeadhimisha siku ya kuzaliwa humwagiwa maji. "Asiyelowa hajazaliwa!" ndivyo walivyotaniana, na hata Bitutu aliujua msemo huo. Bitutu angeloweshwa huko huko Tanzania.

Jumapili Baba alibaki na ng'ombe. Mama akaondoka na watoto, na Mama mdogo akawapokea mpakani. Kwenye lango la bustani walimkuta mtunza wanyama aliyeitwa Uzair.

"Sasa!" Anyona alimsalimu.

Mama akamfinya.

"Shikamoo," akajirekebisha.

"Marahaba. Karibuni. Chupa zote ziacheni hapa, kwa sababu wanyama humeza vifuniko. Nikimkuta mtu na chupa ndani, familia nzima inatoka."

Mama aliacha chupa yake. Anyona alibana yake ndani ya sweta.

Walipofika kwa mbuni, Brandon alitaka kwenda chooni. Mama na Mama mdogo wakampeleka. Anyona akaona nafasi yake imefika. Akaitoa chupa na kuifungua haraka, lakini kifuniko kikamponyoka, kikabingirika chini ya uzio. Mbuni akainama na kukimeza. Uvimbe mdogo ukateremka shingoni, ukakwama katikati.

"Umempa nini?" Bitutu aliuliza.

"Nyamaza! Tukifukuzwa hutamwona twiga." Akaitupa chupa kichakani. Maji yakalowesha suruali yake mwenyewe.

Mbuni alinyoosha shingo, akafungua mdomo, akayumba. Uzair akaja mbio, Mama na wenzake wakimfuata.

"Amekabwa. Bila shaka ni kipande cha gunzi," Uzair alisema, akichukua ndoo. "Nitamnywesha maji kishuke."

Anyona alimtazama Bitutu, aliyekuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha akatazama ule uvimbe.

"Usimpe maji!" akasema. "Si gunzi. Ni kifuniko. Niliingia na chupa."

"Hapana!" Bitutu alilia. "Sasa twiga je?"

Uzair aliweka ndoo chini na kumwita daktari wa wanyama. Walimfunika mbuni kichwa kwa soksi ndefu ili atulie. Daktari akasukuma uvimbe kwa vidole, polepole, kuelekea juu, mpaka kifuniko kikatoka kimejaa mate. Soksi ilipovuliwa, mbuni alijikung'uta, akaanza kudonoa kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Maji yangekishusha tumboni, na huko tusingekifikia kwa vidole," daktari alisema.

Uzair alimgeukia Anyona. "Nilisema wote mtatoka. Lakini umesema kabla hujaulizwa. Wadogo zako waende kwa twiga. Wewe utasubiri langoni."

"Dada, mwombee huyu mtoto," Mama mdogo alinong'ona.

"Simwombei. Ni haki," Mama alijibu. "Anyona, kwanza iokote ile chupa."

Anyona alikaa langoni, kifuniko mkononi. Baadaye Bitutu akaja mbio.

"Ulimi wake ni mweusi! Mrefu hivi! Na wewe hukuona!"

"Sikuona," Anyona alikubali.

Mama akaketi kando yake. "Ulitaka kumfurahisha mdogo wako?"

"Ndiyo, Mama."

"Kumfurahisha mtu si ruhusa ya kuvunja sheria. Hilo ni la kwanza. Umemkosa twiga kwa sababu ya kuficha. Mbuni yu hai kwa sababu ya kusema. Yote mawili umeyafanya wewe, na leo umeona ni lipi la kurudia. Sasa inuka, twende tukale. Na hiyo suruali ikauke kabla hatujafika mpakani."

Bitutu aliitazama suruali, akacheka. "Asiyelowa hajazaliwa!"