Hodi Tatu Mlangoni Kilburn

Kisa hiki mie nakisimulia mchana, na wewe kisome mchana. Kuna mambo hayapendezi kutajwa taa zikishawashwa.

Ilikuwa Alhamisi, magharibi inakaribia, mwezi wa Oktoba mwaka wa sabini na nane. Jokha alikuwa ametumwa nazi. Nazi ya kukuna utaipata wapi Kilburn? Nazi ya kopo, dukani kwa Pravin, yule Mhindi wa Mombasa aliyemtania siku zote kwamba Wapemba watammalizia shehena. Alichukua makopo mawili, ndimu nne na pilipili mbichi, akarudi mbiombio. Nyumbani alikuwa na samaki mzima anayemsubiri kupikwa, na mume aliyerudi jana baada ya miezi minane.

Huyo mumewe, Matar, alikuwa na kazi iliyowachekesha Wazanzibari wote wa London. Alikuwa kiongozi wa wavuvi. Kila mwaka, kuanzia Februari mpaka Oktoba, alipanda treni akaenda kaskazini kabisa, Uskochi, kwenye mto wa maji baridi yenye rangi ya chai kavu. Huko aliwatembeza mabwana wenye fimbo ndefu na ndoana za manyoya, akiwaonyesha trauti amejificha chini ya jiwe gani, na samoni anayepanda mto kwenda kutaga anapumzika kilindi kipi. Kazi hiyo alitafutiwa na mzee mmoja wa Kiingereza aliyewahi kuwa ofisini Pemba kabla ya Mapinduzi, akamkumbuka Matar kwa jicho lake la kuona samaki majini.

"Yakhe, Mpemba anawafundisha Wazungu kuvua mtoni kwao!" watu walimcheka.

Naye alicheka nao. Lakini miezi minane bila kusema Kiswahili na mtu si mchezo. Alirudi kila mwaka na kiu ya maneno, akikuta binti yake, Mardhiya, umri wa miaka sita, kila akisemeshwa Kiswahili anajibu Kiingereza. Ilimuuma. Jana ile ile aliyorudi alimkalisha magotini akaanza somo.

"Mtu akibisha hodi, unasemaje?"

"Come in!"

"A-a! Hiyo ya shuleni. Kwetu unasema karibu. Sema karibu, nikupe chokoleti."

Mtoto akatikisa kichwa, midomo ameifunga kabisa. Alikuwa mkaidi, kamrithi mama yake, na mama yake hakatai.

Basi Jokha alifika kwenye nyumba yao na kuanza kupanda ngazi. Walikaa ghorofa ya tatu. Kwenye ngazi ya kwanza aliona maji.

Nyayo.

Nyayo za miguu mitupu, ndogo, za mtu mzima mwembamba, zimerowa chapachapa, zinapanda juu. Na harufu... Harufu ya tope la mtoni, na majani yaliyooza, na samaki. Jokha akasonya. Alidhani ni wale vijana wa ghorofa ya pili na karamu zao. Akapanda, huku akizikwepa asiteleze. Zikapita ghorofa ya kwanza. Zikapita ya pili. Zikafika mlangoni kwake, zikasimama hapo, vidole vimeelekea mlango.

Za kushuka hazikuwapo.

Alitazama kushoto, akatazama kulia. Hapakuwa na mtu. Akatoa ufunguo, akapita juu ya zile nyayo, na ubaridi ukampiga ubavuni, upande mmoja tu. Akaingia, akafunga, akaweka nazi mezani.

"Baba Mardhiya, kuna mtu kamwaga maji ngazini mpaka mlangoni petu. Miguu mitupu, na baridi yote hii!"

Matar alikuwa jikoni, kanzu ya nyumbani na ndara zake miguuni, akimparua yule samaki, samoni aliyekuja naye. Kisu kikasita.

"Miguu mitupu?"

"Midogo. Ya kike, naona."

Akanawa mikono taratibu. Akaja akaketi kitako sakafuni pembeni ya mtoto, na kwa sauti ya chini akamwambia mkewe jambo ambalo alikuwa hajamwambia.

Msimu huu ulikuwa mbaya. Aprili ikapita, Mei ikapita, samaki hakuna. Mabwana walinung'unika. Mwenye mto akamwambia, wiki hii ukikosa tena, funga mizigo. Jioni ile Matar alibaki peke yake penye kilindi kirefu, akaona ng'ambo bibi kizee amesimama ndani ya maji, pekupeku, pindo za nguo zinachuruzika. Aliinua tu mkono, akaonyesha mahali. Matar akatupa mshipi hapo hapo. Samoni akanasa. Na tangu siku hiyo kila alipoonyeshwa na yule bibi, samaki walipatikana, mpaka sifa zake zikaenea mtoni kote.

Siku ya mwisho wa msimu alitaka kumshukuru. Kiingereza kikamtoka kichwani. Akamwambia kama ambavyo mimi na wewe tungemwambia mtu yeyote aliyetufanyia wema.

"Nilimwambia, ahsante sana bibi. Karibu nyumbani. Karibu London, umwone mwanangu."

"Kisha?"

"Akaniitikia, Jokha. Kwa Kiswahili chetu. Akanambia, n'shakaribia."

Matar akaendelea. Usiku wake alimsimulia Solomon, mwongozaji mzee mzaliwa wa kule, na Solomon akaweka kikombe chini. Sisi huku, alisema, tukimwona tunatazama mishipi yetu. Samaki wake tunamchukua, lakini hatumsemeshi. Wewe umemsemesha? Umemwambia nini? Matar alipomweleza, mzee yule akavaa kofia yake akaondoka bila ya kuaga.

"Sasa wewe, Matar, kwa nini..."

Ngo. Ngo. Ngo.

"Hodi, wenyewe."

Sauti ya kizee. Nyembamba. Ina maji ndani yake.

Matar akaweka kidole mdomoni. Jokha akaelewa mara moja, kwani amezaliwa Wete na kalelewa kwa adabu hiyo. Kwa Wapemba hodi ni tatu. Ukipiga ya tatu usijibiwe, hukukaribishwa, unageuka unakwenda zako. Hata asiye mtu anaifuata adabu hiyo, ndivyo walivyofunzwa na wakubwa wao. Kazi ilikuwa moja tu: kunyamaza.

"Hodi."

Maji yakaanza kupenya chini ya mlango. Membamba, meusi meusi. Matar amebana pumzi. Jokha anasoma kimoyomoyo kila anachokijua.

"Hodiii..."

Na Mardhiya, mtoto wa London, aliyeshindikana hata kwa chokoleti, akainua uso akatabasamu ili kumfurahisha baba yake.

"Karibu!"

Kitasa kikazunguka chenyewe.

Aliingia bibi kizee mfupi, nguo zimemganda mwilini, nywele ndefu za mvi zina vijiti na majani. Uso wake haukuwa mbaya. Hilo ndilo lililomtisha Jokha kuliko yote. Ulikuwa uso wa bibi wa mtu. Akaketi mkekani bila ya kuambiwa. Jokha akamletea maji, maana mgeni hupewa maji. Akanywa gilasi ya kwanza. Ya pili. Ya saba. Bibi akamtupia jicho mara moja yule samaki wa jikoni, akatikisa kichwa kwa masikitiko, basi. Mardhiya alimkodolea macho bila hofu.

"Nimeona kwenu," bibi alisema mwisho. "Kuzuri. Sasa naondoka."

Jokha karibu alie kwa furaha.

"Alonikaribisha anisindikize."

Akanyoosha mkono. Kwa Mardhiya.

Mama Mardhiya alimrukia mtoto akamkumbatia kwa nguvu zote. Lakini Matar alishapiga magoti mbele ya yule bibi, kanzu yake inaloa.

"Bibi, wa kwanza kukukaribisha ni mie. Kule mtoni. Huyu kakariri tu maneno yangu. N'takusindikiza mie."

Bibi akamtazama. Maji yanadondoka, to, to, to.

"Haya. Kweli ni weye." Kisha akamgeukia Jokha, kwa upole. "Usilie, mwanangu. Nami n'tamrudisha. Anayenisindikiza humrudisha mpaka mlangoni pake. Mie simwachi mtu njiani."

Jokha alikumbuka utotoni, yeye na shoga zake walivyokuwa wakisindikizana hivyo, huyu kampeleka yule, yule kamrudisha huyu, mpaka mama zao wakawapigia kelele. Lakini hakuyaamini maneno ya yule bibi hata chembe. Nani angeyaamini?

Mlangoni Matar alimnong'oneza haraka haraka.

"Sikiliza. Akija mtu yeyote kubisha hodi, hata kwa sauti yangu, msijibu. Mie n'na ufunguo wangu. N'takuja kufungua mwenyewe. Umenisikia? Mie sibishi hodi kwangu."

Akatoka vile vile alivyo, na kanzu na ndara.

Ijumaa Jokha alikwenda stesheni. Mkata tiketi alimkumbuka: mtu mwenye nguo ndefu nyeupe na ndara, kanunua tiketi mbili, na mkono wake mmoja kaukunja muda wote kama aliyemshika mzee. Aliyeshikwa, mkata tiketi hakumwona. Polisi waliandika, wakamwuliza kama yeye na mumewe walikuwa wamegombana. Jumamosi alipiga simu kaskazini, na mke wa Solomon akamwambia mzee wake hataki kuzungumza habari hizo. Nyumbani hakupika. Aliingia chooni, mahali alipolitundika koti kubwa la mvua la Matar likauke tangu siku aliyorudi, akatia uso wake humo akalia.

Jumapili, giza linaingia, harufu ikaja kwanza. Tope. Majani yaliyooza.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Hodi."

Sauti ya Matar.

Ilikuwa sauti yake, ila imepwelea, ya mtu aliyekaa kwenye baridi siku nyingi. Mardhiya akaruka kitini, "Daddy!" na Jokha akamdaka, akamziba mdomo kwa kiganja.

"Shhh. Siye. Siye huyo. Baba ana ufunguo wake."

"Hodi, Mama Mardhiya... Ni mie."

Mtoto alijipinda, akapiga mateke. Akamng'ata mama yake kiganja mpaka damu ikatoka. Jokha hakuachia. Machozi yanammiminika na midomo inarudia bila sauti, ana ufunguo, ana ufunguo, mwenyewe kasema. Alimshikilia mwanawe kama alivyomshikilia siku ile, na moyoni alijiambia huyu hawatamchukua, wamchukue nani sijui lakini huyu hawamchukui.

Mtu wa upande wa pili alivuta pumzi. Alikuwa anatetemeka, meno yakigongana.

"Hodi," ya tatu. Ndogo, kama ya mtoto.

Jokha akanyamaza.

Hatua zikashuka ngazini, pole pole. Chapa. Chapa. Chapa. Mlango wa chini ukafunguka, ukajifunga.

Alisubiri mpaka harufu ikapotea. Alijiona ameshinda. Alimlaza Mardhiya aliyekuwa analia kwa kwikwi, akaenda chooni kuosha kiganja. Mahali penyewe padogo. Bega lake likaligusa lile koti.

Kling.

Alisimama. Akaligusa tena, kwa kidole.

Kling.

Akatia mkono mfukoni. Ufunguo wa mlango wa nyumba, na kile kikopo kidogo cha shaba Matar alichokining'iniza nao. Ulikuwa humo tangu Jumatano.

Jokha hajui alifikaje ngazini. Kwenye sakafu, kutoka mlangoni pake, kulikuwa na alama za maji. Ndara. Ya kulia imekatika kisigino, ile ile aliyomwambia Matar aitupe na Matar akakataa. Ndara zilipanda mpaka mlangoni, zikasimama, zikashuka. Hapakuwa na nyayo nyingine. Alizifuata akishuka mbio, akiita jina lake, ghorofa ya pili, ya kwanza, mpaka chini.

Chini, ndani ya mlango wa barabarani, palikuwa na dimbwi dogo la maji. Na katikati yake nyayo mbili za miguu mitupu, zimesimama pamoja. Hazikupanda hata ngazi moja. Bibi alimrudisha Matar mpaka kwake, kama alivyoahidi, akabaki chini kwa adabu kumwacha aingie.

Ndara zilishuka zikafika hapo. Kisha nyayo na ndara zikatoka pamoja, ubavu kwa ubavu, kuelekea stesheni. Mvua ilikuwa imeshaanza kuzifuta.

Jokha bado yuko Kilburn, nyumba ile ile. Mardhiya amekua, na Kiswahili hajakisema tena, hata neno. Mama yake hajagombana naye kwa hilo.

Ukimtembelea magharibi utamwona ameketi kiti cha mlangoni. Mlango hafungi. Bomba likilia, anasema, "Karibu." Jirani akikohoa ngazini, "Karibu." Upepo ukitikisa kitasa, paka akipita, mbao zikialika kwa baridi, yeye huinua uso haraka na kujibu kabla ya hodi ya pili.

"Karibu... Karibu, Baba Mardhiya. Pita. Hata kama uko na mwenzio... pita."