Hodi ya Chumba cha Ndani

Rafiki yangu Mbaraka, seremala wa Mlola, alikuwa akimjengea Mjapani nyumba ya wageni yenye milango ya karatasi, kwenye kiwanja kilichoachwa na watu waliohamishiwa kijiji cha ujamaa. Kila alipoingia alivua makatambuga yake na kuyapanga mlangoni yakitazama nje, kama Mjapani alivyomfundisha.

Alasiri moja ukungu ulitanda mpaka ndani kukawa giza. Kutoka chumba cha ndani, kisichokuwa na mtu, sauti ya kizee ikasema, "Hodi."

Mazoea yakamponza Mbaraka, akajibu, "Karibu."

Karatasi ikachakarika, mlango ukaanza kusogea. Akakimbia pekupeku mpaka kwake.

"Mgeni wako ametangulia," mkewe akamwambia. "Anasema ulimkaribisha mwenyewe."

Mbaraka akatazama chini. Mlangoni yalikuwapo makatambuga yake, yamepangwa, yakitazama nje.